Kibuyu cha maziwa: zawadi inayopandwa shambani Mbulu na Hanang

MAVUNO yakishaingia ghalani, minada ya Katesh, Haydom na Dongobesh huchangamka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Upande mmoja ng'ombe na mbuzi, upande wa pili mitumba, na kati ya hapo safu ndefu za plastiki: ndoo, madumu, mabeseni, majagi, vikombe na seti za sahani zenye maua mekundu. Mama aliyeuza debe mbili za mahindi au maharage harudi nyumbani mikono mitupu. Ana binti anayeolewa mwezi ujao, ana mkamwana aliyejifungua, ana dada anayekuja Krismasi kutoka Arusha ambaye hawezi kuondoka hivi hivi. Kwa wote hao jibu la haraka ni beseni au jagi.

Pembeni ya safu hizo, mara nyingi chini kabisa, hakosekani mama mwenye vibuyu vichache alivyovipanga juu ya kanga. Wanaosimama kwake wengi ni wazee. Wengine hupita wakiamini mambo mawili: kwamba kibuyu ni kitu cha zamani, na kwamba plastiki ni rahisi zaidi. Hilo la kwanza ni mapenzi ya mtu. La pili ni suala la hesabu, na hesabu yenyewe ni nadra kufanywa hadi mwisho.

Kibuyu ni zawadi ya nyumbani kwa maana kamili ya neno hilo. Hupandwa, huvunwa, hukaushwa, husafishwa na hupambwa na mkono wa familia ileile itakayokitoa. Hakuna mashine, hakuna rangi ya dukani, hakuna kitu cha kuagiza kutoka Dar es Salaam. Gharama yake kubwa ni muda wa mama, na muda huo una bei tofauti kwa kila mwezi wa mwaka. Hapo ndipo penye siri yote ya biashara hii.

Chombo cha mali ya mama

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, zilizoingia mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002 baada ya mkoa wa Arusha kugawanywa, karibu kila kabila lina habari zake na kibuyu. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu huchanganya ng'ombe na mahindi, maharage na ngano. Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, wamechunga kwa vizazi vingi kwenye tambarare zilizouzunguka Mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400. Kote huko maziwa yamekuwa chakula, na maziwa yanahitaji chombo.

Kwa Wabarabaig jambo hili lina uzito wa pekee. George Klima, mtafiti wa Kimarekani aliyeishi nao na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza kwamba binti anayeolewa hupewa ng'ombe na ndugu zake, na kwamba mwanamke ana haki zake juu ya mifugo hiyo hata akiwa kwa mume. Ng'ombe wa mama wanataka chombo cha mama. Anayempa bibi harusi kibuyu kilichokwisha kufukizwa, kisicho na uchungu, kilicho tayari kupokea maziwa kesho yake asubuhi, anampa kifaa cha kazi. Beseni lenye maua litafulia nguo, ni kweli, lakini haligandishi maziwa.

Mifugo hiyo haikubaki kama ilivyokuwa. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa serikali ya Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano wilayani Hanang kwenye maelfu ya ekari zilizokuwa malisho bora ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa NAFCO. Shirika lenyewe halipo tena. Lakini malisho yakipungua, ng'ombe hupungua. Ng'ombe wakipungua, maziwa hupungua. Na nyumba yenye maziwa ya kikombe kimoja kwa siku haina sababu ya kutunza vibuyu sita. Mbegu nazo hupotea hivyohivyo, bila mtu kuamua zipotee. Mwaka mmoja hakuna aliyepanda, mwaka wa pili panya wamekula zilizobaki, mwaka wa tatu hakuna anayekumbuka zilitoka kwa nani.

Zao lisilohesabiwa

Kibuyu hutokana na mmumunye, mmea unaotambaa, jamaa wa maboga na matango. Maofisa ugani huwa hawauulizii na takwimu za kilimo za wilaya hazina safu yake, kwa sababu haupewi shamba lake. Hupewa ukingo. Mbegu tatu nne karibu na zizi la zamani ambapo samadi imeoza, au kando ya ua, au chini ya mti usiofaa kwa kitu kingine, zinatosha familia nzima.

Mmumunye hupenda joto na jua. Sehemu za tambarare, kama Basotu na bonde la Yaeda, huukubali kirahisi zaidi kuliko miinuko yenye ukungu ambako matunda huchelewa kukomaa na huweza kukutwa na baridi ya Juni yakiwa bado laini. Mwenye shamba la mlimani apande mvua za kwanza zinaponyesha, Novemba au Desemba, na achague upande unaopata jua la asubuhi. Akichelewa hadi Februari atapata majani mazuri na vibuyu vyepesi vinavyonywea kama soksi wakati wa kukauka.

Mashina yaachiwe nafasi ya hatua mbili hadi tatu. Maua yake ni meupe na hufunguka jioni, hivyo kazi ya uchavushaji hufanywa zaidi na nondo wa usiku, wakisaidiwa na nyuki. Ua la kiume na ua la kike yako mbalimbali katika shina moja. Palipo na wadudu wachache, mkulima anaweza kuchuma ua la kiume jioni na kuligusisha ndani ya ua la kike, lile lenye kibuyu kidogo mithili ya kidole chini yake. Ni kazi ya dakika tano ambayo watoto huipenda.

Umbo la kibuyu huamuliwa na mbegu pamoja na mahali kinapolala. Tunda linaloning'inia kutoka kwenye uchanja au tawi hunyoosha shingo. Linalolala chini huwa na tako bapa na shingo iliyopinda. Anayetaka kata ya kuchotea maji au togwa huliacha lipinde, na anayetaka chombo cha kusukia maziwa huliacha lining'inie. Wapo wanaofunga kamba laini kiunoni mwa tunda changa ili likue kama namba nane. Tunda linalogusa udongo wenye unyevu liwekewe majani makavu au kipande cha bati chini yake, vinginevyo litaoza upande mmoja na kazi ya miezi mitano itaishia kwa nguruwe wa jirani.

Jambo moja la tahadhari kwa wasiouzoea mmea huu: mimumunye mingi ya vyombo ina matunda machungu, na uchungu huo ni sumu. Aina laini zinazopikwa kama mboga ni nyingine. Zikipandwa karibu huchanganyika, na mbegu za mwaka unaofuata huweza kutoa tunda lenye sura ya mboga na uchungu wa dawa. Tunda changa likionjwa likawa chungu, lisipikwe.

Kutoka shambani hadi jikoni

Kibuyu huvunwa kikonyo chake kinapokauka na kuwa cha kahawia. Kikivunwa kingali na kikonyo cha kijani, ganda huwa jembamba na hunywea. Wengi hukiacha shinani mpaka majani yote yamekufa, ilimradi ng'ombe walioachiwa mabua wasikikanyage. Kisha huwekwa mahali penye kivuli na hewa, kwenye dari au chini ya upenu, kwa wiki kadhaa. Ukungu utaota juu ya ganda. Wageni wa kazi hii hushtuka na kukitupa, wakati ukungu wa nje ni kawaida na hukwanguliwa kwa kisu butu. Kikiwa tayari kinakuwa chepesi, kikigongwa kinalia, na mbegu zinachezacheza ndani.

Mdomo hukatwa kwa kisu chenye ncha au msumeno mdogo. Kipande kilichokatwa juu kisitupwe, kwa sababu ndicho kifuniko kinacholingana kuliko kingine chochote. Mbegu hutolewa, zikaoshwa na kuanikwa. Kibuyu hujazwa maji na kuachwa siku tatu hadi nne mpaka nyama ya ndani ioze na kulegea. Hapo humwagwa, hutiwa kokoto ndogo na maji kidogo, na kutikiswa kwa nguvu. Hurudiwa hivyo mpaka maji yatoke meupe. Harufu ya siku hizo si ya kupendeza, na wanaosafisha hufanya kazi hiyo mbali na jiko.

Uchungu huondoka polepole. Maji hubadilishwa kila siku kwa wiki nzima, na anayesafisha huonja tone kwa ncha ya ulimi na kulitema. Maji yakiwa bado machungu, chombo hakijawa tayari. Hapa ndipo zawadi nyingi huharibika, kwani mtu huona harusi imekaribia akaruka hatua hii, na bibi harusi humwaga maziwa ya wiki ya kwanza.

Halafu moshi. Kijiti cha mti mgumu huchomwa mpaka ncha iwe kaa jekundu, kikaingizwa kibuyuni na kusuguliwa kuta za ndani, kisha mdomo hufunikwa ili moshi ukae. Majivu hupigwa kwa brashi ya ukindu au ya mkia wa ng'ombe. Wafugaji wa Afrika Mashariki wana miti wanayoiamini kwa kazi hii. Wamasai wanajulikana kwa kupenda mzeituni pori, na Wakalenjin wa Kenya wana mti wao unaoyapa maziwa ya mursik rangi ya kijivu. Kila ukoo wa Mbulu na Hanang una wazee wake wa kuulizwa. Kanuni ya jumla ni kutotumia mti wenye utomvu mweupe wala ubao wenye rangi au dawa.

Moshi hupunguza vijidudu katika chombo na kuyapa maziwa ladha. Hautibu maziwa. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, ambao kwa binadamu huleta homa isiyokwisha na maumivu ya viungo, upo katika wilaya za kaskazini, na huenea kwa maziwa mabichi. Njia salama ni kuchemsha maziwa kwanza, kuyaacha yapoe mpaka vuguvugu, kuyatia kibuyuni na kuongeza kijiko cha mtindi wa jana. Ladha ya kibuyu inabaki, homa haiingii. Mama anayetoa kibuyu kwa mkamwana wake anaweza kutoa na maelezo hayo palepale.

Hesabu ya kaya moja

Chukua kaya ya mfano yenye mashina manne ukingoni mwa shamba la mahindi. Tuseme kila shina limetoa matunda matano, jumla ishirini. Manane yamepasuka, yameoza au yamekanyagwa. Yamebaki kumi na mawili. Kila moja linadai kazi ya mikono ya saa tano kwa jumla, ukijumlisha kukwangua, kukata, kutikisa, kubadilisha maji, kufukiza na kushona mkanda wa ngozi wa kubebea. Hizo ni saa 60, au siku saba na nusu za kibarua. Kibarua kikiwa Sh5,000 kwa siku, kazi hiyo ina thamani ya Sh37,500, yaani Sh3,125 kwa kibuyu.

Jagi la plastiki la ukubwa huohuo mnadani tuseme ni Sh3,000. Kwa hesabu hiyo plastiki imeshinda kwa Sh125, na mama anayeuza kibuyu chake kitupu kwa Sh3,000 anauza kwa hasara bila kujua, kwa sababu hajawahi kujilipa.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro. Imechukulia kwamba kila siku ya mama ina mnunuzi. Mwezi Januari, palizi likiwa limepamba moto, siku yake kweli ina thamani ya Sh5,000 au zaidi, kwa sababu akikosekana shambani magugu hula mavuno. Mwezi Agosti hakuna anayeita kibarua. Na kibuyu, kwa bahati njema, hukauka Julai na husafishwa Agosti na Septemba. Siku ileile iliyokuwa na bei ya Sh5,000 sasa tuseme ina bei ya Sh1,500. Kibuyu kinashuka hadi chini ya Sh1,000 kwa kazi, na fedha taslimu inayotoka mfukoni ni sifuri. Sh3,000 za jagi, kwa upande wake, ni fedha taslimu iliyotoka kwenye debe la mahindi ambalo huenda likanunuliwa tena Februari kwa bei ya juu.

Hata hivyo, isisemwe kwamba mama wa Hanang hana kazi kiangazi. Kauli hiyo ni ya mtu asiyebeba maji. Visima vinapokauka, safari ya maji hurefuka, na kuni hazitafutwi karibu. Kusafisha vibuyu kunawezekana kwa sababu ni kazi ya vipande vipande: dakika kumi asubuhi kubadilisha maji, nusu saa jioni kukwangua, mtoto akitikisa kokoto wakati uji unachemka. Kazi inayodai kukaa chini saa nne mfululizo, kama kushona shanga, ni jambo jingine, na hiyo lazima ihesabiwe kwa bei kamili.

Plastiki nayo ina haki yake. Ni nyepesi, huoshwa kwa sabuni, mtoto akiiangusha haipasuki, na maji ya kunywa hukaa humo bila kupata ladha ya moshi. Nyumba yenye busara ina vyote viwili. Kinachogharimu ni kununua plastiki kwa kazi ambayo kibuyu huifanya vizuri zaidi, kisha kuinunua tena mwakani jagi linapopasuka kwa jua. Kibuyu chenye ufa hushonwa. Hutobolewa matundu madogo pande mbili za ufa kwa msumari wa moto, hupitishwa uzi wa mshipa au nailoni, na mshono huzibwa kwa nta. Kilichoshonwa huendelea kufanya kazi.

Nakshi na soko

Anayetaka kutoka kwenye zawadi kwenda kwenye biashara akumbuke kwamba mnunuzi wa Katesh hawezi kulipia nakshi. Anacho nyumbani au bibi yake anacho. Mnunuzi wa nakshi yuko Karatu na Mto wa Mbu, kwenye njia ya watalii wa Ngorongoro, na kwenye maduka ya Arusha. Kibuyu kilichochorwa kwa waya wa moto, kikavishwa ngozi na shanga, kinaongeza siku nzima ya kazi na, tuseme, Sh1,500 za shanga na uzi. Kwa hesabu ya bei kamili gharama yake inafika karibu Sh9,600. Chini ya Sh10,000 asiuze, na nauli bado haijaingia.

Ufundi wenyewe upo. Wanawake wa Kiiraqw waliwahi kushona sketi za ngozi zilizojaa shanga, kazi ya miezi mingi iliyohusiana na jando la wasichana lililokomeshwa enzi za Waingereza. Leo sketi hizo huonekana zaidi kwenye makumbusho za ng'ambo kuliko Mbulu. Wanawake wa Kibarabaig wana sketi zao za ngozi zenye vipande virefu vinavyoning'inia. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha mabomba ya shaba na makufuli mabovu wakatengeneza bangili, na pete ndogo ya shaba shingoni mwa kibuyu huongeza bei kuliko shanga mia. Mikono hiyo haihitaji semina ya kufundishwa urembo. Inahitaji mtu wa kuipa oda na kulipa kwa wakati.

Oda ndiyo kikwazo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019, wasukaji wa vikapu kote nchini waliona mlango umefunguka. Wengi hawakuuingia. Mifuko mbadala ya viwandani ilijaza maduka haraka, kwa sababu mwenye duka anataka mifuko elfu moja inayofanana, Jumatatu, kwa bei moja. Kibuyu hakiwezi kabisa kushindana hapo, kwani hakuna viwili vinavyofanana. Afadhali muuzaji aifanye hali hiyo kuwa sifa ya bidhaa, auze vichache kwa bei ya juu, kuliko kukimbilia wingi ambao mashina manne hayawezi kutoa.

Wanaouza kwa watalii wahakikishe pia hakuna mbegu hata moja iliyobaki ndani. Nchi nyingi huzuia mbegu na mabaki ya mimea mpakani, na mtalii aliyenyang'anywa zawadi uwanja wa ndege hatamshauri mwenzake anunue.

Mtaji mdogo unaweza kupatikana kwenye mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, hutoa ushauri wa vifungashio na maonyesho. Lakini kukopa ili kununua shanga kabla ya kupata mnunuzi ni kutanguliza mkokoteni. Vibuyu kumi vya kwanza vitengenezwe bila mkopo, vipelekwe Karatu, na bei iliyopatikana ndiyo ijaze fomu.

Zawadi za siku moja

Si kila zawadi inangoja miezi tisa. Mbulu inajulikana kwa vitunguu saumu, na suka la saumu ni zawadi ambayo ndugu wa mjini huipokea kwa furaha kuliko mfuko wa rambo uliojaa vitunguu vilivyolegea. Saumu zing'olewe na majani yake, zianikwe kivulini wiki mbili, kisha majani yakiwa yamesinyaa lakini hayajawa ya kuvunjika, yasukwe kama nywele, vichwa kumi au kumi na viwili, na mwisho ufungwe kamba ya katani. Linaning'inizwa jikoni na kuchumwa kimoja kimoja. Aina yenye bua gumu katikati haisukiki, hiyo ifungwe mafungu.

Mwenye mizinga asitupe masega. Yachemshwe katika maji ndani ya sufuria kuukuu, yachujwe kwa kitambaa, na yaachwe usiku mmoja. Asubuhi nta itakuwa imeganda juu kama sahani ya manjano. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo iyeyushwe kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe kwani huwaka. Uzi wa pamba huchovywa, hutolewa ukapoa, huchovywa tena, mara ishirini au thelathini. Mishumaa sita ya namna hiyo, imefungwa kwa jani kavu la mgomba, inatosha kwa kipaimara. Nta inayobaki inaziba nyufa za kibuyu.

Mbegu ya mwakani

Vinapokatwa vibuyu mwezi Agosti, kimoja hakikatwi. Huchaguliwa kile chenye ganda nene na shingo iliyonyooka, kilichotoka kwenye shina lililokuwa mbali na mimumunye ya mboga, kikaning'inizwa juu ya jiko ambako moshi huwazuia bungua na panya. Humo ndani mbegu hukaa salama hadi mawingu ya Novemba.

Familia isiyo na mbegu haitazipata dukani. Iende mnadani Katesh au Haydom kabla mvua hazijaanza, ipite safu za plastiki, imtafute yule mama mwenye kanga chini, na imwombe kibuyu kimoja ambacho bado hakijakatwa. Kitikiswe karibu na sikio kabla fedha haijatoka mfukoni.